Natumwa Brazil (Pará) miaka mitatu, matunda na vyakula vya kule vikoje? Nisaidieni wakuu

Mlei_wa_Songea
Habarini za humu wakuu. Mi ni mwalimu, ni mlei, nimemaliza maandalizi ya umisionari karibu mwaka mzima na sasa nimepangiwa Brazil, jimbo la Pará, kule juu kaskazini Mto Amazon unapomwagia maji baharini. Natakiwa niwe nimefika mwezi wa 11, nakaa kwanza Belém kujifunza lugha halafu napelekwa kisiwa cha Marajó kwenye vijiji vya mtoni ambako nasikia padri anafika mara chache sana kwa mwaka, kazi ni katekesi na kufundisha watoto.

Sasa swali langu mnaweza kulicheka ila kwangu ni kubwa. Mama aliyetufundisha kwenye maandalizi alikaa misheni miaka mingi na alikuwa anasisitiza kwamba ukifika kwa watu kula wanachokula, ukisukuma sahani pembeni siku ya kwanza hata ukija na maneno matamu vipi hawakusikilizi. Na mi tumbo langu jamani ni la kitoto. Nimekaa naangalia video za matunda ya huko majina hata hayatamkiki, mengine yana manyoya, mengine yanachemshwa kama viazi. Mi nimekulia Songea, nayajua maembe, mapera, masuku na mabungo basi. Yapi ya kuogopa, yapi yanafanana na yetu, na je ni kweli ile açaí ni kama aiskrimu? Maana hiyo naisubiri kwa hamu.

Mtu kaniambia kule hakuna ugali kabisa. Hilo tuliache kwanza, nisije nikaghairi safari.

Bruda_Mzee
Mwanangu hongera sana. Nimekaa Pará miaka sita, kwa hiyo kaa vizuri nikupe.

Tuanze na hiyo unayoisubiri kwa hamu. Inatamkwa asa-i, mi ntaandika asai nisihangaike na vimkia. Ile ya kwenye video, ya bakuli zuri na ndizi na asali juu, ni ya watu wa São Paulo na Rio na watalii. Pará ukiitia ndizi na asali watakuangalia kama mtu aliyetia sukari kwenye dagaa. Mi siku ya kwanza nilikaribishwa mchana kwenye nyumba moja, samaki wa kukaanga mezani, unga wa muhogo uliokaangwa ukawa punjepunje, na bakuli la kitu cha zambarau kizitoo hakina hata chembe ya sukari. Nikadhani juisi, nikavuta funda kubwa. Aisee. Ladha ya udongo mvua ikishakatika, halafu mafuta mafuta kama parachichi, halafu hakuna kinachofuata, unasubiri utamu hauji. Mama mwenye nyumba ananiangalia usoni. Nikameza, nikasema nzuri, akaniongeza bakuli la pili. Nikalala kwenye kitanda cha kamba cha kuning'inia mpaka jioni maana kile kitu ni kizito, wenyewe wanakula wanalala. Wiki ya tatu nikajikuta saa tano asubuhi naulizia kama asai imeshafika. Wana msemo wao kwamba aliyekwenda Pará alisimama, akinywa asai ndo habanduki tena, na kwao una vina kabisa.

Mti wenyewe ni jamii ya michikichi ila mwembamba, unasimama kwenye matope kando ya mto, vijana wanapanda na pete ya majani wameifunga miguuni kama wagema wetu wa minazi. Tunda ni dogo jeusi kama zambarau ndogo, karibu lote ni kokwa, kinyama chake ni ngozi tu, ndo maana halitafunwi, linalowekwa maji ya vuguvugu kisha linapitishwa kwenye mashine inayosugua na kuchuja. Wanauza kwa lita kwenye mfuko wa plastiki, kuna nyepesi, ya kati na nzito, na bei inapanda kadiri inavyokuwa nzito. Duka lenye asai siku hiyo linatundika bendera nyekundu nje. Na wao wanaiita bandeira, hilo neno tulilichukua kwa Wareno zamani hizo, kwa hiyo hapo hutapotea.

SASA HILI SOMA MARA MBILI. Kuna mdudu fulani anayenyonya damu, anajificha kwenye mashada ya asai, akisagwa humo pamoja na kinyesi chake unaweza kupata ugonjwa wa Chagas, ambao unaweza kuharibu moyo kabisa. Wauzaji wa uhakika wanachovya matunda kwenye maji ya nyuzi 80 kwa sekunde 10 halafu kwenye maji baridi kabla ya kusaga. Belém uliza nani anafanya hivyo, watu wanawajua. Usidhani ukigandisha kwenye friji ndo umemaliza, hapana. Vijijini ambako kila nyumba inajisagia utakuwa mgeni, huwezi kuanza kukagua jiko la watu, ila wewe ni mwalimu, wafundishe watoto shuleni hilo jambo la maji ya moto na litafika nyumbani lenyewe. Sisi tulifanya hivyo. Kina mama walikuwa wanatuambia "mwanangu kaniletea kipimajoto" huku wanacheka.

Mengine haraka haraka. Kupuasu, hili ndo tunda langu, ni ndugu wa kakao, kubwa la kahawia kama mpira wa raga ulioviringishwa kwenye vumbi, halichumwi, linaanguka lenyewe likiiva na nyumba nzima inajua maana harufu inaingia mpaka kitandani. Nyama yake nyeupe imeng'ang'ania mbegu, wanaikata na mkasi, ndiyo mkasi wa nguo, wanawake wanakaa kibarazani wanapiga soga na mikasi inalia. Chachu halafu tamu, juisi yake sijaipatia mfano hapa nyumbani. Bakuri nalo (nisome vizuri, si bakuli) ganda nene la njano linatoa utomvu wa kunata, ndani nyeupe, tamu sana na ghali. Msimu wa hayo mawili ni mvua za mwanzo wa mwaka, kwa hiyo wewe utafikia wakati mzuri.

Pupunya ndo hiyo uliyoiona inachemshwa. Inafanana na chikichi nene, nyekundu au njano, inachemshwa na chumvi inaliwa na kahawa asubuhi, ladha kati ya kiazi na njugu mawe. Mbichi USIJARIBU, inawasha koo.

Kuhusu ugali, unga wa muhogo upo kila mahali ila wanaunyunyizia juu ya chakula, hawasongi. Mi nilisonga siku moja. Tuliache kama ulivyosema.

Mtu_wa_Kusini
Bruda kamaliza ila kuna kitu nimesubiri aseme hajasema, MABIBO. Mi ni mtu wa Newala, kwetu korosho ndo ada ya shule ndo bati ndo kila kitu, nilikaa Fortaleza mwaka mmoja na nusu kwa masomo (si misheni, mi dhambi zangu nazijua mwenyewe) na kilichonishangaza kuliko vyote ni kuona watu wanalipa hela kununua bibo. Bibo! Linapangwa sokoni kwenye trei limefunikwa plastiki kama yai, na korosho yake imening'inia chini, watu wananunua kwa ajili ya juisi, yaani korosho ndo kama bahati nasibu. Kwetu unang'oa korosho bibo unatupa chini, mbuzi anakula, linalobaki linakuwa uraka na mambo mengine ambayo polisi hawayapendi. Kule juisi ya bibo ipo kwenye pakiti supamaketi kama sisi tulivyo na juisi ya embe. Na jimbo la Piauí wanalichuja bibo mpaka maji yanakuwa meupe pee halafu wanayachemshia ndani ya chupa yanageuka rangi ya dhahabu, hamna kilevi hata kidogo, wanaita kajuina, mtoto anapewa.

Halafu nilipopata akili ndo nikakumbuka, huo mti ni wao! Mkanju, yaani mkorosho, umetoka huko huko kaskazini mashariki ya Brazil, Wareno ndo waliubeba wakauleta huku kwetu karne ya 16, na jina lenyewe kanju ni caju yao. Yaani tulipokea mti tukapokea na jina, namna ya kula tunda ndo haikupanda meli. Karibu na Natal kule kuna mkorosho mmoja, MMOJA, matawi yanalala chini yanaota mizizi yanaendelea, umefunika kama mita za mraba 8,500 na uliingia kwenye kitabu cha Guinness. Nilipiga picha nikamtumia babu Newala, akajibu swali moja tu, "wanapulizia salfa?" (ile dawa yetu ya mikorosho).

Ukifika dada omba juisi ya bibo ya baridi bila sukari nyingi, utanikumbuka. Ila isikudondokee kwenye blauzi nyeupe, doa lile halitoki, hilo halijabadilika popote duniani.

Mlei_wa_Songea
Bruda shikamoo, yaani asante sana, nimesoma mara mbili kama ulivyosema na ile ya mdudu nimemsomea mama akaanza kulia upya 😅. Mtu wa Kusini nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Nina swali lingine. Hiyo kupuasu mlivyoisifia, si naweza kuja na mbegu zake nikirudi likizo? Kwetu mvua ipo, na shangazi ana shamba Kyela.

Kakao_Kyela
Dada usithubutu. Nasema kwa heshima lakini usithubutu.

Mi ni mkulima wa kakao Kyela na baba alikuwa mkulima wa kakao. Bruda hapo juu kakwambia kupuasu ni ndugu wa kakao, basi magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Kuna ugonjwa wa ukungu asili yake Amazon huko huko unakokwenda, wanauita ufagio wa mchawi kwa sababu tawi linachipua vijitawi vingi vikavu kama fagio, na unashika kakao na kupuasu zote. Mwaka 1989 ulionekana Bahia ambako ndo palikuwa ghala la kakao la Brazil, na ndani ya miaka michache mashamba yakalala, wenye mashamba wakafilisika, vibarua wakatawanyika mijini. Huku Afrika ugonjwa huo hatunao mpaka leo. Kwa hiyo mbegu moja kwenye soksi ya mmisionari inatosha kutuua wote huku, na shangazi yako wa kwanza. Mamlaka ya afya ya mimea ipo, ina utaratibu wa vibali na karantini, na ukikutwa na mbegu eapoti bila kibali hawatakuuliza kama umetoka kuhubiri.

Njoo na picha. Au chokoleti, wanatengeneza ya mbegu za kupuasu nasikia.

Bruda_Mzee
Kakao Kyela yuko sahihi asilimia mia na mi nakiri nilitaka kubeba mwaka ule, padri mkuu wetu ndo alinizuia, nikanuna siku mbili. Na ndiyo, hiyo chokoleti ipo, nyeupe nyeupe kidogo, nzuri.

Bi_Shumbi
Salaam aleikum nyote. Mimi si wa dini yenu na wala sijafika Brazil lakini matunda ni matunda, naona bara mnashangaa vitu ambavyo Unguja na Pemba vimejaa. Mwanangu, shoga yangu yuko Lisbon na kaolewa na mtu wa Belém, basi tunapigiana simu ya picha tunaoneshana masoko, mimi Darajani yeye kwao kila wakienda likizo. Nikwambie tulichokigundua.

Wanacho kitunda cha njano wanakiita tapereba, kichachu chenye harufu, huyo ni ndugu mdogo wa embe ng'ong'o. Na embe ng'ong'o lenyewe wanalo pia. Stafeli wanaita graviola, wanatia maziwa wanakunywa. Topetope wanalo. Shelisheli wanalo, shokishoki siku hizi wanapanda. Na kuna tunda wanaliita jambo, hilo ndo tofaa letu, tofaa la Unguja lile jekundu la maji maji, si hayo ya Afrika Kusini ambayo mmeyapa jina la tofaa sasa mnatuchanganya. Shoga alinionesha mtaa wa Belém maua ya mtofaa yamedondoka njia nzima imekuwa waridi iliyokolea utadhani wametandika busati kwa ajili ya harusi, nikatamani kulia kwa sababu kwa marehemu bibi uwani ilikuwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo usiende na hofu, funga safari kama unakwenda Mkunazini ila lugha nyingine.

Fr_asiye_padre
Lugha nayo mwambieni ukweli jamani. Tunajidai tuna maneno ya Kireno, mi nilifika nikasema hapa natamba, meza ni mesa, leso ni lenço, mvinyo ni vinho, padri ni padre. Nikaenda sokoni nikaomba pera. Nikauziwa lile tunda la Ulaya la shingo nyembamba, bei kama ya mkate wa wiki. Pera letu wanaita goiaba. Papai ni mamão, nanasi ni abacaxi. Limão ukiomba unapewa ndimu. Na usiwaambie kwamba sisi neno lao la kanisa tulilichukua tukalifanya gereza, mi niliwaambia kwenye jumuiya nikidhani ni kichekesho, wakanyamaza kimya wote.

Nyar_Ahero_Davao
Hahaha hiyo ya gereza nimeipenda. Mimi ni Mkenya niko Ufilipino, Davao, mwaka wa pili na shirika letu. Kwetu mtihani ulikuwa durian. Wenyeji wanaifungua kwa panga, wote wanakuangalia, na harufu ni kama kitunguu kimeoza ndani ya gesi ya jikoni, mahoteli mengi yameandika marufuku mlangoni na mashirika ya ndege pia hayaitaki. Nilikula kwa ajili ya ufalme wa mbinguni, sikudanganyi. Bado sijaizoea na nimeacha kujifanya, nikawaambia wazi, wakacheka, sasa wananiletea matunda mengine, lansones na mangostini. Kwa hiyo dada si lazima upende kila kitu, Bruda asikutishe na bakuli la pili.

Bi_Shumbi
Doriani? Unguja ipo tele na watu wanaigombania. Pole mwaya, umeletewa dhahabu ukaikimbia.

Mzee_wa_Fenesi
Hakuna aliyetaja fenesi?? Rio de Janeiro kule msitu wa Tijuca mafenesi yamejiotea yenyewe mpaka wanaohifadhi msitu wanayapunguza kwa sababu yanasonga miti ya asili. Mafenesi YANAPUNGUZWA. Nilitaka kujitolea niwasaidie kwa kula.

Bruda_Mzee
Kabla sijasahau, mambo mawili. Kwanza utafika mwezi wa 11, kwa hiyo maandamano ya Mama Maria wa Nazaré umeyakosa kwa mwezi mmoja, yanafanyika Jumapili ya pili ya Oktoba, yalianza 1793, watu zaidi ya milioni barabarani. Siku ile kila nyumba inapika kisamvu. Ndiyo, kisamvu, wanakiita manisoba, ila cha kwao kinachemshwa siku saba kutoa sumu, kinakuwa cheusi tii, na nyama za nguruwe za kila aina ndani. Mwaka kesho kitakuliza, kwa furaha.

Pili, wazee wengi wanaamini embe na maziwa ukichanganya unakufa. Usibishane nao. Mi nilikunywa mbele ya bibi mmoja kumuonesha, alikaa na mimi mpaka saa nne usiku anasubiri nife, hakwenda hata kwenye rozari.

Mlei_wa_Songea
Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimechelewa, mtandao ni wa kubahatisha. Niko Belém wiki ya tatu. Mvua inanyesha karibu kila mchana mpaka watu wanapangana kuonana kabla ya mvua au baada ya mvua. Bendera nyekundu nimeziona. Asai nimekunywa, Bruda ulisema udongo mvua mi nasema majivu yaliyolowa, bado sijafika kwenye kuipenda kama wewe ila meno yameshakuwa zambarau kama wenzangu. Nilikunywa kwa wanaochovya maji ya moto, mwambieni mama. Bibo Mtu wa Kusini una haki zako zote, na blauzi nyeupe ninayo moja pungufu.

Ila ngoja niwape hii. Mji huu mitaa imepandwa miembe mikubwa pande zote mbili imekutana juu, na sasa ndo msimu, maembe yanadondoka kwenye mapaa ya magari usiku kucha, puu, puu. Jumapili jumuiya wakaandaa kunikaribisha. Mama mwenyeji akaleta kikapu kimefunikwa kitambaa, nikajua sasa ndo kile chenye manyoya, nikasali kimoyomoyo. Akafunua. Maembe. Akachukua moja akaniuliza polepole ili nielewe kama Afrika tunalo tunda hili, nami Kireno changu bado cha kuokoteza, kabla sijapata neno la kujibu akawa ameshakaa pembeni yangu na kisu ananionesha linavyomenywa, anaishika mikono yangu, huku baraza zima limeacha kula linaniangalia kwa huruma. Nikamenya vibaya makusudi la kwanza. La pili wakanipigia makofi.